Kabla ya kukwea jabali, tazama utakapoangukia

Kila Desemba mabasi ya kwenda Homa Bay na Migori hujaa vijana wanaorudi nyumbani kutoka Nairobi, Nakuru na Mombasa. Siku hizi baadhi yao hawarudi na mpira wa miguu peke yake mawazoni. Wameona kwenye televisheni mashindano ya Olimpiki ya Tokyo, yaliyofanyika mwaka wa 2021, ambako ukweaji uliingizwa kwa mara ya kwanza. Wengine wamejaribu kuta za mazoezi zilizomo jijini. Wakifika nyumbani huyatazama yale majabali waliyochungia mbuzi karibu yake utotoni, na huyaona kwa macho mapya.

Mmoja wa vijana hao ni mpwa wangu. Desemba moja alitoka na wenzake wawili, wakaenda mlimani nje ya mji wa Homa Bay, wakachagua jabali lililowapendeza na kuanza kulikwea bila kamba. Alipofika kimo kisichozidi mita 2 mkono ukateleza, akaanguka. Jabali halikumdhuru. Kilichomdhuru ni jiwe dogo, la ukubwa wa ngumi, lililojificha ndani ya nyasi pale alipotua. Mguu ulipinda juu yake na kifundo kikavunjika.

Yaliyofuata yalizidisha balaa. Alibebwa kwa bodaboda katikati ya watu wawili, mguu ukining'inia. Nyumbani jirani mwema alimkanda kwa maji moto siku mbili. Siku ya tatu, mguu ukiwa umevimba kama mtungi, ndipo alipofikishwa hospitalini kupigwa eksirei. Alikaa na plasta majuma mengi, na hadi leo akitembea mwendo mrefu utamwona akichechemea kidogo.

Nimeulizwa mara nyingi kama mchezo huu ufaa kupigwa marufuku nyumbani kwetu. Sidhani. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka wa 2020, linamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila juma, na siku mbili au zaidi za mazoezi ya kuimarisha misuli. Mtu anayeshinda kwenye kiti cha ofisi na kiti cha matatu hapati hata nusu ya hayo. Kukwea majabali mafupi hufanyisha kazi vidole, mikono, mgongo, tumbo na miguu kwa wakati mmoja, na hakuhitaji ada ya klabu. Wafaransa wameyakwea majabali ya msitu wa Fontainebleau, karibu na Paris, kwa zaidi ya miaka 100. Hapa kwetu wanachama wa Mountain Club of Kenya, iliyoanzishwa mwaka wa 1949, wamekuwa wakizoea Lukenya, karibu na Athi River, kwa miaka mingi. Ila mahali kama hapo hapakujitengeneza. Kuna watu waliofyeka, waliopima, walioomba ruhusa. Somo letu la leo ni kazi hiyo.

Hesabu ya kuanguka

Anayekwea kwa kamba akiteleza, kamba humzuia. Anayekwea jabali bila kamba, kila akiteleza anafika chini. Hakuna njia nyingine. Basi tuangalie anafika chini kwa kasi gani.

Ukianguka kutoka kimo cha mita 1.5, nyayo zako hugonga ardhi kwa mwendo wa karibu kilomita 20 kwa saa. Kutoka mita 3 ni karibu kilomita 28 kwa saa. Kutoka mita 4 ni karibu kilomita 32. Mwendo hauongezeki sana, na hapo ndipo vijana wanapodanganyika. Nguvu ambayo mifupa yako inatakiwa kuimeza huongezeka sawasawa na kimo: kimo kikiwa maradufu, nguvu nayo ni maradufu. Ndiyo sababu namshauri anayeanza asizidishe mita 2.5 mpaka awe amejifunza kuanguka.

Madaktari wanaowatibu wakweaji wa namna hii huona zaidi vifundo vya miguu vilivyoteguka au kuvunjika, kisha vifundo vya mikono na viwiko vya wale waliojikinga kwa kunyoosha mikono nyuma. Hayo yote hutokea chini, wala si juu ya jabali.

Kutafuta mahali

Kaunti hizi mbili hazina mawe ya aina moja. Upande wa Homa Bay, vilima vya Homa, Got Asego kilicho juu ya mji, na milima ya Gwassi ni mabaki ya volkano za kale. Mawe ya volkano yana tabia zake. Mengine ni magumu kama chuma. Mengine ni majivu na changarawe vilivyoshikana tu, na ukivuta kishikio hubaki nacho mkononi. Kusini, katika Kaunti ya Migori, kuna miamba ya kale zaidi, ikiwa ni pamoja na matale. Matale ni yale mawe yenye chembechembe zinazometameta, ndugu wa yale ya Kit Mikayi kule Seme na ya mji wa Mwanza ng'ambo ya mpaka. Matale hushika kiatu vizuri sana, lakini huchuna ngozi ya vidole kama tupa.

Jabali hujaribiwa ukiwa umesimama chini. Ligonge kwa kiganja au kwa jiwe dogo. Likitoa mlio mzito, zuri. Likilia kama debe tupu, kuna ufa nyuma yake. Kila kishikio kivute polepole kuelekea chini kabla ya kukipa uzito wako wote. Kisha zunguka jabali zima utazame limekaliaje. Meta moja ya ujazo ya matale ina uzito wa tani 2.7 hivi, na jabali lenye ukubwa wa meza ya ofisi linaweza kumponda mtu kabisa. Lile lililokaa kwenye mteremko, juu ya udongo uliochimbwa na maji ya mvua, liache hata kama ni zuri namna gani. Baada ya mvua kubwa za Machi hadi Mei lazima uchunguzi huu urudiwe.

Kule Nyatike na Macalder kuna hatari nyingine. Dhahabu imechimbwa huko tangu enzi za ukoloni, na mashimo yaliyoachwa hufunikwa na nyasi na vichaka. Usikate njia mpya peke yako. Tembea na mwenyeji anayeyajua mashimo hayo. Wala msipige kambi karibu na mahali wachimbaji wanapochoma dhahabu iliyochanganywa na zebaki, maana mvuke wake ni sumu kwa ubongo na figo.

Yapo mawe ambayo hayaguswi. Thimlich Ohinga, kaskazini magharibi mwa mji wa Migori, ni kuta za mawe zilizojengwa bila saruji wala udongo, labda katika karne ya 16, na mwaka wa 2018 UNESCO iliziweka katika orodha ya Urithi wa Dunia. Zimesimama kwa sababu kila jiwe limelala juu ya mwenzake. Ukizikwea, unabomoa kazi ya mababu na huenda ukafunikwa nayo. Katika kisiwa cha Mfangano kuna michoro ya kale, miduara myekundu na myeupe, kwenye mapango ya Kwitone na Mawanga. Jasho na chaki za wakweaji zingeiharibu. Got Kwer, huko Migori, ni mlima mtakatifu kwa waumini wa Legio Maria. Hifadhi ya Ruma iko chini ya Shirika la Wanyamapori, na nyati wa humo hawachezi na mtu.

Mahali pengine nako kuna mwenyewe. Tuliporudi na mpwa wangu mwaka uliofuata, safari hii kwa mpango, tulikwenda kwanza kwa mzee ambaye boma lake lilikuwa chini ya kilima.

"Jaduong', tumekuja kuomba ruhusa ya kucheza kwenye yale majabali ya juu," nikamwambia.

"Mnataka kuyavunja kokoto?" akauliza.

"La, mzee. Kuyapanda tu, na kushuka."

Akacheka, akatuonyesha kwa fimbo yake. "Lile la kushoto lina nyuki tangu mimi kijana. Lile la katikati, mbuzi hulala chini yake wakati wa jua, kwa hivyo kupe hawakosekani. Nendeni lile la mwisho. Na nyathina, usikate ule mti. Ndio kivuli cha wachungaji."

Katika dakika tano alitupa habari ambazo zingetugharimu majeraha. Naamini ruhusa ya mwenyeji ni sehemu ya huduma ya kwanza.

Kutengeneza ardhi

Hii ndiyo kazi kubwa, na vijana wengi huiruka. Tulitumia Jumamosi tatu kwenye jabali moja kabla ya mtu yeyote kulikwea.

Jambo la kwanza ni kujua mtu ataanguka wapi. Anayekwea uso uliosimama wima huanguka karibu na shina la jabali. Anayening'inia chini ya uso ulioinamia nje hutupwa mbali, na huenda akatua kwa mgongo. Sisi tulisafisha hatua nne kutoka kwenye jabali, na pale penye uso ulioinama tukaongeza hatua mbili. Piga nyasi kwa fimbo ndefu kwanza ili nyoka aondoke, ndipo ufyeke. Baada ya kufyeka, vaa glavu, piga magoti, upapase ardhi yote kwa viganja. Hapo ndipo utakapoyakuta yale mawe madogo, visiki vilivyokatwa mshazari na vipande vya chupa. Mpwa wangu alilikuta jiwe jingine la ukubwa wa ngumi, akalitazama kwa muda mrefu bila kusema neno.

Mawe yanayong'oka yang'oe kwa mtaimbo. Yasiyong'oka yafunike kwa udongo ulioshindiliwa, au badilisha njia ya kukwea ili mtu asianguke juu yake. Mashimo yajazwe udongo. Mteremko usawazishwe kwa kujenga kizuizi upande wa chini, lakini mawe ya kizuizi yazikwe, yasije yakawa mtego mpya. Acha mfereji mdogo wa maji, la sivyo mvua mbili zitaondoa kazi yenu yote. Hakuna haja ya kufyeka kilima kizima. Mizizi ndiyo inayoshikilia udongo, na udongo ndio unaoshikilia majabali.

La pili, tafuta njia ya kushukia kabla ya kupanda. Nimewaona vijana wakishangilia juu ya jabali kisha wakabaki huko kama paka mtini. Kushuka kwa kuruka kumeumiza wengi. Kama hakuna upande rahisi wa kuteremkia, jabali hilo halifai wanaoanza.

Jabali lenyewe lisafishwe kwa brashi ya nailoni na maji kidogo, kuondoa vumbi na kuvu. Brashi ya waya hukwangua na kulifanya liteleze. Kuchonga vishikio kwa patasi ni uharibifu, na pia hulegeza vipande vilivyokuwa imara.

Godoro na mlinzi

Magodoro yaliyotengenezwa hasa kwa mchezo huu ni ghali na hayapatikani madukani Homa Bay. Godoro la kitandani peke yake halitoshi: nyayo hulipenya hadi ardhini, au kifundo hupinda ndani ya ulaini wake. Fundi wa viti alitushonea la kwetu. Tabaka la juu ni sponji ngumu ya kutawanya uzito, la chini ni sponji laini ya kumeza kishindo, unene wa sentimita 12 kwa jumla, vyote ndani ya mfuko wa turubai. Mkitumia magodoro mawili, yafungwe pamoja. Mwanya kati yake humeza mguu, na ukingo wa godoro huvunja kifundo sawa na jiwe.

Mlinzi ni mtu anayesimama chini mikono ikiwa juu, vidole vimekusanywa pamoja. Kazi yake si kumdaka anayeanguka, maana wataumia wote wawili. Humwelekeza kwa kumsukuma nyonga ili atue godoroni kwa miguu, na huzuia kichwa na mgongo visigonge jiwe. Mlinzi anayetazama simu ni afadhali asiwepo.

Anayeanguka atue kwa miguu yote miwili, magoti yamekunjwa, kisha ajiachie kuketi na kubiringika nyuma, mikono ikiwa imefumbatwa kifuani. Lifanyieni zoezi hili mara 20 kutoka kimo cha kiti kabla ya kukwea chochote.

Vidole na umri

Misuli huimarika kwa majuma machache. Kano, zile nyuzi ngumu zinazounganisha msuli na mfupa, huchukua miezi mingi. Kwa hiyo kijana mwenye nguvu za shambani anaweza kujivuta kwa kidole kimoja leo na kukatika kitanzi kinachoshikilia kano ya kidole hicho. Husikia mlio kama kijiti kinachovunjika, kisha uvimbe na maumivu upande wa kiganja. Huo ndio mwisho wa kukwea kwa siku hiyo, na daktari amwone. Pasheni mwili moto kwa dakika 15, na pumzikeni angalau siku moja kati ya mazoezi. Watoto wanaobalehe wasilazimishe vidole kwenye vishikio vyembamba, kwa kuwa mifupa yao ingali inakua kwenye ncha zake na yaweza kuvunjika hapo. Mama mjamzito, mwenye presha isiyodhibitiwa na mwenye mifupa iliyodhoofika wamwone daktari kwanza.

Nyoka, radi na maji ya ziwa

Kifutu hupenda kulala kati ya mawe na hahami upesi usikiapo kishindo chako. Usitie mkono katika ufa usiouona ndani. Akikuuma mtu, mlaze, mtulize, fungia kiungo kwenye ubao kisitikisike, vua pete na viatu, mpeleke hospitalini. Usichanje, usinyonye, usikaze kamba, usipoteze wakati kwa jiwe jeusi.

Kanda ya ziwa ina radi nyingi, hasa alasiri. Mkisikia ngurumo, teremkeni kilimani mara moja. Wakati mzuri wa kukwea ni kuanzia saa kumi na mbili unusu hadi saa tatu asubuhi, jabali likiwa bado baridi na vidole vikiwa vikavu.

Baada ya mazoezi vijana hukimbilia ziwani kuoga. Hapo kuna kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono na kupenya ngozi nzima kwa dakika chache. Ogeni kwa maji yaliyochemshwa, au yaliyotekwa mahali pasipo konokono na kukaa chomboni siku mbili. Aliyekwisha kuoga ziwani akapimwe. Dawa yake, prazikwanteli, ipo na inatibu. Wanaolala kambini wasisahau chandarua, kwa kuwa malaria ya ziwani haina likizo. Kuhusu malale, ugonjwa uliolitia hofu bonde la Lambwe kwa miaka mingi, habari ni njema: mnamo Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imeutokomeza kama tatizo la afya ya jamii. Mbung'o hata hivyo wangali wanauma, na nguo za buluu huwavuta.

Mtu akiumia

Kifundo kikiumia, usikimbilie kukikanda. Joto na kukanda katika siku mbili za kwanza huongeza uvimbe, na kama mfupa umevunjika huusogeza. Weka kitambaa cha maji baridi dakika 20, inua mguu juu ya mto, funga bendeji isiyobana. Vidole vikiwa baridi au vyeusi, ilegeze upesi.

Je, ni lazima eksirei? Madaktari hutumia kipimo rahisi. Mgonjwa akishindwa kwenda hatua nne kwa mguu huo, au akisikia maumivu ukibonyeza mfupa wenyewe nyuma au kwenye ncha ya kile kinundu cha upande wowote wa kifundo, apelekwe kupigwa picha siku hiyo hiyo. Mpwa wangu hakuweza hata hatua moja.

Mfupa uliochomoza usirudishwe ndani. Funika kwa kitambaa safi. Kila jeraha lililoingia udongo linahitaji kuoshwa na kuulizwa habari ya chanjo ya pepopunda. Aliyeanguka kwa kichwa, akapoteza fahamu au akatapika, aende hospitalini hata akisema amepona. Na aliyeanguka kwa mgongo au shingo asiketishwe, asisimamishwe, asipandishwe bodaboda. Abaki alipo, kichwa kimeshikwa, mpaka gari lipatikane na watu wanne wa kumwinua kama gogo moja.

Gari lenyewe litafutwe mapema. Andikeni nambari ya simu ya mwenye gari la karibu, na mjue ni hospitali ipi yenye eksirei inayofanya kazi siku ya Jumapili. Sisi tuliongeza machela: miti miwili na magunia mawili ya sukari. Imehifadhiwa kwa yule mzee, ukutani mwa ghala lake la mahindi, na kila tukifika hutuuliza kwanza kama tumekuja kuichukua.